Samaki Mgeni Mtoni: Kumtia ni Kazi ya Siku Moja, Kumtoa ni Kazi ya Miaka

Mtu akisimama ukingoni mwa mto Gura, unaoteremka kutoka milima ya Aberdare, aweza kumwona katika maji yale ya baridi samaki mwenye madoadoa anayejificha nyuma ya mawe. Samaki huyo huitwa trauti. Watoto waliozaliwa karibu na mto hudhani kwamba amekuwamo humo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Mwaka wa 1905 mayai ya trauti yaliletwa kutoka ziwa la Loch Leven katika nchi ya Scotland, yakatiwa mtoni Gura kwa jitihada za mlowezi Ewart Grogan. Mwaka wa 1910 wakaletwa trauti wa aina ya pili, wenye rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika ya Kusini.

Trauti hawakuletwa kwa sababu watu walikuwa na njaa. Waliletwa kwa ajili ya mchezo. Mvuvi wa mchezo hatumii wavu wala mgono. Husimama na ufito mrefu, mshipi mwembamba, na ndoano iliyofungwa manyoya hata ikafanana na mdudu wa majini. Furaha yake ni kushindana na samaki mwenye nguvu, na pengine akiisha kumkamata humrudisha majini akiwa hai. Samaki wanaovuliwa kwa namna hiyo huitwa samaki wa mchezo.

Siku hizi katika nchi nyingi limezuka shauri kubwa juu ya samaki hao. Wako wasemao kwamba samaki wageni waondolewe mitoni, kwa kuwa wanawamaliza wenyeji. Wako wengine wasemao kwamba waachwe, kwa kuwa wamekwisha kuwa sehemu ya mito na riziki ya watu. Yafaa kila mtu anayekaa karibu na mto alielewe shauri hili, na nchi inayofaa kutupiwa macho ni ile ile ya Afrika ya Kusini, maana huko watu hawakubishana kwa maneno tu, bali kazi yenyewe ya kuwaondoa samaki wageni ilifanywa, na matokeo yake yakachunguzwa.

JINSI WAGENI WALIVYOINGIA

Katika miaka ya 1890 walowezi wa Cape walileta mayai ya trauti kutoka Ulaya. Kituo cha kutotolea samaki kilijengwa mahali paitwapo Jonkershoek, karibu na mji wa Stellenbosch. Kutoka huko vifaranga vya trauti vilichukuliwa na kutiwa katika mito mingi ya milimani.

Lakini trauti hupenda maji ya baridi, wala hastawi katika mito ya mabondeni yenye maji ya vuguvugu. Kwa hiyo wavuvi wakatafuta samaki mwingine wa mchezo. Mwaka wa 1928 aliletwa samaki wa Marekani aitwaye besi, wa aina yenye mdomo mkubwa. Mwaka wa 1937 akaletwa ndugu yake mwenye mdomo mdogo, ambaye huweza kuishi katika maji yaendayo kasi. Samaki hao walitiwa katika mito na mabwawa kwa nia njema, na walioifanya kazi hiyo walihesabiwa kuwa wamewafaa wenzao. Wakati ule ni watu wachache sana waliouliza habari za samaki waliokuwamo mitoni kabla yao.

SAMAKI WADOGO WA CEDERBERG

Yapata kilomita 200 kaskazini mwa mji wa Cape Town kuna milima ya mawe iitwayo Cederberg. Katika milima hiyo huanza mto mdogo uitwao Rondegat, ambao huteremka na kumwaga maji yake katika bwawa la Clanwilliam, katika mto Olifants.

Mto Rondegat una samaki wasiopatikana popote duniani ila katika mto Olifants na vijito vyake. Mmoja ni samaki mdogo, asiyezidi urefu wa kidole cha mtu, ambaye mapezi yake yana wekundu kama wa kaa la moto shinani. Mwingine ni jamaa yake, mwenye mapezi mekundu vile vile. Wa tatu ni kambare mdogo akaaye chini ya mawe. Wa nne ni samaki wa manjano, ambaye huanza akiwa mdogo kama wenzake lakini huweza kukua hata akakaribia urefu wa mita moja.

Mito hiyo haikuwa na samaki mwindaji mfano wa besi. Kwa hiyo wenyeji hawakuwa na ujuzi wa kumkimbia wala mahali pa kutosha pa kujificha. Besi kwa upande wake ana kila kitu kimfaacho mwindaji. Huvizia penye kivuli, hula samaki wadogo, kaa na wadudu, na huzaa sana. Jike hutaga maelfu ya mayai, na dume hukaa akilinda kiota mpaka vifaranga vimepata nguvu. Samaki wa namna hiyo akiingia mahali pasipo adui, haichukui muda mrefu kabla hajapajaza.

Besi walipanda mto Rondegat kutoka bwawani mpaka walipozuiwa na maporomoko ya maji. Juu ya maporomoko, ambako besi hawakuweza kufika, samaki wenye mapezi mekundu waliendelea kuishi kwa wingi. Chini ya maporomoko walitoweka. Hapo walisalia samaki wa manjano wakubwa tu, ambao besi hakuweza kuwameza. Watoto wao hawakuonekana. Mtu asiyejua angeweza kuwaona wakubwa hao na kusema kwamba samaki wenyeji wapo salama, lakini kijiji chenye wazee watupu kisicho na mtoto hata mmoja hakina maisha marefu.

KAZI ILIYOFANYWA

Idara ya kuhifadhi viumbe ya jimbo la Western Cape, iitwayo CapeNature, ilichagua sehemu ya mto yenye urefu wa kilomita 4 hivi. Upande wa juu sehemu hiyo inaishia kwenye maporomoko, na upande wa chini inaishia kwenye ukuta wa kuzuia maji ambao samaki hawezi kuuruka. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Kama pasingalikuwa na ukuta, besi wa bwawani wangalipanda tena mara tu baada ya kazi kwisha, na taabu yote ingalikuwa bure.

Watu wengi huuliza kwa nini besi hawakuvuliwa tu kwa ndoano na nyavu. Jibu ni kwamba ndoano humkamata samaki mkubwa mwenye njaa, nayo humwacha mdogo. Nyavu hazipiti katikati ya mawe na mizizi. Hata wakisalia samaki wachache, dume na jike, baada ya miaka michache mto hujaa tena. Kazi ya kuondoa samaki wageni haina nusu: ama wameondoka wote, ama hakuna kilichofanyika.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitumia sumu iitwayo rotenoni. Walifanya hivyo mara mbili, mwaka wa 2012 na mwaka wa 2013, ili mara ya pili iwapate wale walioponea mara ya kwanza. Kwenye ukuta wa chini walitia dawa nyingine, pamanganeti ya potasiamu, ambayo hugeuza maji kuwa ya zambarau na kuivunja nguvu sumu ile, ili isiendelee mbele kuua samaki wa chini.

UTUPA WA KIJIJINI NA SUMU YA WATAALAMU

Hapa msomaji wa Afrika ya Mashariki atashangaa, maana dawa hiyo si ngeni kwake. Rotenoni hutoka katika mimea ya jamii moja na utupa. Wazee wa sehemu nyingi waujua utupa vizuri: majani yake hupondwa na kutiwa katika kidimbwi cha mto, na baada ya muda samaki hulewa, wakaelea juu, wakaokotwa kwa mikono. Sumu iliyo katika utupa ni rotenoni na jamaa zake. Huingia kwa njia ya matamvua, yaani mahali samaki anapopumulia, na kuuzuia mwili wake usiweze kuitumia hewa aliyoipata majini. Baadaye jua na joto huivunja sumu hiyo, nayo hupoteza nguvu.

Basi mtu aweza kuuliza swali la haki: kwa nini mwanakijiji akitia utupa mtoni hushtakiwa, na mtaalamu akitia rotenoni husifiwa? Katika Kenya sheria ya uvuvi ya mwaka wa 2016 hukataza kabisa kuvua kwa sumu. Je, sheria ni moja kwa mdogo na nyingine kwa mkubwa?

Jibu liko katika mambo matatu. Kwanza, mwenye kuvua kwa utupa hataki kujua ni samaki gani atakayekufa. Mkubwa na mdogo, mzazi na kifaranga, wote ni wake. Pili, hapimi kiasi cha sumu wala hana dawa ya kuizuia isiende kwa majirani wa chini, ambao huenda wanateka maji yale yale. Tatu, baada ya kuokota samaki wake huenda zake, wala harudi kutazama kama mto umepona. Penye kazi ya halali hapana budi mambo hayo matatu yawe kinyume: samaki wanaokusudiwa wajulikane na wenyeji waokolewe kadiri iwezekanavyo, sumu ipimwe na kukomeshwa mahali palipowekwa, na mto uchunguzwe kabla ya kazi na baada yake. Mtaalamu asiyeyatimiza hayo hana tofauti na mwizi wa samaki aliyevaa sare.

MANENO YA WAVUVI WA MCHEZO

Wavuvi wa mchezo katika Afrika ya Kusini hawakunyamaza. Wengi wao waliogopa kwamba ikiwa leo ameondolewa besi katika mto mmoja, kesho ataondolewa trauti katika mito yote. Maneno yao hayakuwa ya kupuuzwa, na yafaa kuyaeleza kwa haki.

Walisema kwamba trauti amekaa katika nchi ile zaidi ya miaka mia moja, na kwamba kiumbe aliyekaa muda kama huo hawezi kuitwa mgeni daima. Walisema kwamba miji midogo kama Dullstroom hupata riziki kwa sababu ya trauti: wageni hulala katika nyumba za wageni, hula hotelini, na huajiri vijana wa kuwaongoza mtoni. Walisema kwamba wavuvi ndio wanaoutazama mto kila juma, nao huwa wa kwanza kupiga kelele kiwanda kinapomwaga uchafu au mtu anapochota maji kupita kiasi. Mwisho walisema kwamba sumu ni sumu, na kwamba huua pia wadudu wa majini ambao samaki wote huwategemea.

Shauri hilo liliingia hata katika sheria. Mwaka wa 2004 Afrika ya Kusini ilipitisha sheria kubwa ya kuhifadhi viumbe vya nchi. Serikali ilipotoa orodha ya viumbe wageni wenye madhara, mwaka wa 2014, trauti hawakutiwa katika orodha hiyo, kwa sababu ya upinzani mkubwa wa wavuvi na wafugaji wa trauti. Besi walitiwa. Habari za trauti ziliendelea kubishaniwa kwa miaka baadaye, hata mbele ya mahakama.

MANENO YA WATETEZI WA SAMAKI WENYEJI

Watetezi wa samaki wenyeji walijibu kwa utaratibu. Walisema kwamba besi na trauti wapo tele katika nchi zao za asili na katika nchi nyingi nyingine, hata wakiondolewa katika kilomita 4 za mto mmoja hakuna aina itakayokwisha duniani. Lakini samaki mwenye mapezi mekundu akiisha katika mto Olifants na vijito vyake, amekwisha kabisa, wala hakuna fedha itakayomnunua tena.

Walisema pia kwamba samaki wa manjano naye ni samaki wa mchezo. Ni mkubwa, ana nguvu, na mvuvi anayemtaka ni lazima aende Olifants, kwa kuwa hayuko mahali pengine. Basi kumlinda si kuwanyima wavuvi mchezo wao.

Na juu ya wadudu wa majini, walikubali kwamba ni kweli sumu iliwapunguza. Wachunguzi waliwahesabu kabla ya kazi na baada yake, wakaona upungufu. Lakini waliona vile vile kwamba wengi walirudi, wakiletwa na maji kutoka sehemu za juu ambako sumu haikutiwa.

MATOKEO

Baada ya kazi ya mwaka wa 2013 besi hawakuonekana tena katika sehemu ile ya Rondegat. Samaki wenyeji wa juu walianza kuteremka wenyewe kupita maporomoko, na kujaza vidimbwi ambavyo wazazi wao hawakuwa wameviona kwa miaka mingi. Wachunguzi waliopiga mbizi wakiwa na miwani ya majini waliwakuta samaki wenye mapezi mekundu mahali ambapo hapo kwanza palikuwa pa besi tu, na watoto wa samaki wa manjano walionekana pamoja nao.

Hata hivyo bwawa la Clanwilliam lenyewe liliachwa na besi wake. Bwawa kubwa namna ile haliwezi kusafishwa kwa njia hiyo, na wavuvi wa mchezo waliendelea kuvua humo. Kwa hiyo katika mfano huu mmoja pande zote mbili zilipata mahali: wenyeji walirudishiwa kijito chao, na wavuvi walibakiwa na bwawa lao. Kilichogawa mahali hapo ni ukuta mmoja mdogo, na ukuta huo hauna budi kutazamwa daima. Mtu mmoja akichukua besi wawili katika ndoo na kuwamwaga juu ya ukuta, ameitangua kazi yote.

FUNZO KWA WATU WA KENYA

Kenya nayo ina habari yake. Mwaka wa 1929 besi mwenye mdomo mkubwa alitiwa katika ziwa Naivasha kwa ajili ya mchezo. Ziwa hilo lilikuwa na samaki mdogo mwenyeji ambaye alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Besi huhesabiwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Wakati huo huo, samaki wanaouzwa na wavuvi wa Naivasha ni wa asili ya kigeni karibu wote, na familia nyingi zinawategemea. Mtu akienda Naivasha kusema kwamba kila samaki mgeni aondolewe, atakuwa anasema kwamba wavuvi waondoke pia. Tena yule mwenyeji aliyetoweka hatarudi.

Kwa hiyo si kila mgeni afaaye kuondolewa, wala si kila mgeni afaaye kuachwa. Kabla ya kukata shauri hapana budi kupima mambo haya. Je, yuko mwenyeji aliyebaki ambaye aweza kuokolewa? Je, uko ukuta au maporomoko yatakayomzuia mgeni asirudi? Je, watu wanaokunywa maji hayo, wanaomwagilia mashamba na wanaovua wameulizwa na kusikilizwa? Na je, yuko mtu atakayeutazama mto miaka kumi baadaye? Penye jibu la ndiyo kwa yote, kazi yaweza kufanywa. Palipo na jibu la siyo hata kwa moja, ni afadhali kungoja.

Lakini lililo kubwa ni lile linaloweza kufanywa na kila mtu bila fedha wala utaalamu. Wako watu siku hizi wanaofuga samaki katika vidimbwi vya shambani, na ufugaji huo ni jambo jema. Mfugaji na achimbe kidimbwi chake mbali na mafuriko ya mto, aweke chujio penye mfereji wa kutolea maji, na asimwage vifaranga vilivyozidi katika kijito cha jirani akidhani anaufanyia mto hisani. Akitaka kupanda samaki wapya, amwendee kwanza afisa wa uvuvi wa mahali pake.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Samaki mgeni si lazima alete uzima. Huenda akaja na mwenyeji akafa. Na wazee hao hao husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Huko Rondegat yalizoleka kidogo, kwa gharama na kwa kazi ya miaka mingi, na katika kilomita 4 tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI AU DARASANI

1. Katika mto wa karibu nanyi, ni samaki gani waliokuwako zamani, na ni wapi walioletwa? Waulizeni wazee.

2. Kwa nini kazi ya Rondegat isingefaulu kama pasingalikuwa na ukuta upande wa chini?

3. Mvuvi wa mchezo na mtetezi wa samaki wenyeji wakija mbele ya baraza lenu, kila mmoja na haki yake, mngewaamuaje?